Kuhamisha seva kumi na moja kwenda kwenye seva pepe: kisa ambacho ni tatu tu zilizonakiliwa

Taasisi inayochambuliwa hapa haitajwi jina. Kisa chake kimeundwa kwa kuunganisha mambo ambayo wasimamizi wa mifumo hukutana nayo mara kwa mara wanapohamisha seva halisi kwenda kwenye seva pepe, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya mashine nyingine, na tarakimu zinazoihusu taasisi yenyewe ni za kukokotolea tu. Lakini hitilafu, mipaka ya programu na tabia za vifaa zinazoelezwa ni za kweli, na anayejiandaa kufanya uhamisho wa namna hiyo atakutana na sehemu yake kubwa.

Hali ilivyokuwa

Chumba cha seva kilikuwa na mashine kumi na moja. Nane kati yake zilikuwa zimemaliza waranti, vipuri vya mbili havikupatikana tena kwa wauzaji, na kiyoyozi kilikuwa kimefikia kikomo cha uwezo wake, kiasi kwamba mashine ya kumi na mbili isingeweza kuwekwa bila kutengeneza upya mfumo wa umeme na wa upoozaji. Wakati huohuo mashine nyingi zilikaa karibu bila kazi, kwa kuwa taasisi ilikuwa na desturi ya kununua seva moja kwa kila programu mpya, desturi ambayo ilikuwa na mantiki katika miaka ambayo programu mbili ziliwekwa kwenye mfumo mmoja wa uendeshaji na kuanza kugombania mafaili ya mfumo.

Uongozi uliidhinisha seva tatu mpya zenye nguvu, hifadhi moja ya pamoja na swichi mbili, na agizo lake lilikuwa fupi: seva zote zihamishwe kwenye mashine pepe kama zilivyo. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyobeba hatari kubwa kuliko zote katika mradi, na sehemu kubwa ya uchambuzi huu inahusu namna kitengo cha TEHAMA kilivyoyaepuka bila kuonekana kinapinga agizo.

Kuhusu haipavaiza, yaani programu inayogawa mashine moja halisi iwe mashine pepe nyingi, hakukuwa na mjadala mrefu. Teknolojia hii si ngeni. IBM iliiuza kwa kompyuta zake kubwa kwa jina la VM/370 tangu mwaka 1972; kwa prosesa za x86, zile za kompyuta za kawaida, ilichelewa kwa sababu baadhi ya amri za prosesa hizo hazikuweza kunaswa na kusimamiwa ipasavyo, tatizo ambalo VMware ililizunguka kwa njia ya programu kabla ya Intel na AMD kuongeza usaidizi ndani ya prosesa zenyewe mwaka 2005 na 2006. Timu ilichagua VMware ESXi kwa kuwa wawili kati ya wasimamizi wake walikuwa wameifanyia kazi. Anayechagua leo atakuwa na hesabu tofauti, kwani Broadcom iliinunua VMware mwaka 2023 na kusitisha uuzaji wa leseni za kudumu, na hivyo haipavaiza nyingine kama KVM na Hyper-V zimekuwa mezani hata kwa taasisi ambazo zamani zisingezifikiria. Hata hivyo karibu kila kinachofuata kingebaki vilevile kwa haipavaiza yoyote.

Orodha kabla ya diski

Kazi ya kwanza ilikuwa kuorodhesha, na orodha iliyokuwapo ilithibitika kuwa na kasoro. Ilitaja majina ya mashine, modeli na ukubwa wa diski, lakini haikusema ni nani anayetegemea nini. Mfano mzuri ni seva moja ya Linux ambayo hakuna mtumishi aliyejua kazi yake. Aliyeiweka alikuwa ameondoka, na nenosiri lilipatikana katika daftari la zamani. Wapo waliopendekeza inakiliwe hivyohivyo ili kukwepa lawama, na wapo waliopendekeza izimwe ili ijulikane nani atalalamika. Njia ya pili hutumika sana na ina ufanisi wake, ila ina udhaifu mmoja: mlalamikaji anaweza kuwa kazi inayojiendesha mara moja kwa mwezi, na kazi za namna hiyo hazilalamiki, zinashindwa kimya.

Timu iliacha mashine hiyo ikiendelea na kuisikiliza. Walitazama milango ya mtandao iliyokuwa wazi, wakarekodi mawasiliano yaliyoingia na kutoka, wakapitia ratiba za cron, zinazoanzisha kazi zenyewe kwa saa iliyopangwa, za watumiaji wote wa mfumo. Kwa wiki tatu hapakuonekana kitu isipokuwa mawasiliano ya saa na ya DNS, huduma inayotafsiri majina ya kompyuta kuwa anwani. Katika wiki ya nne skripti moja iliamka usiku, ikachukua faili la mishahara kutoka hifadhidata ya uhasibu, ikalibadilisha mpangilio na kulituma benki. Skripti hiyo ilihamishiwa kwenye seva ya programu ya uhasibu, ambako ilipaswa kuwa tangu mwanzo, na mashine yake ikastaafishwa bila kuwahi kuwa seva pepe.

Kutokana na ugunduzi huo timu iliongeza muda wa vipimo kwa seva zote hadi ukavuka mwisho wa mwezi. Naona huu ndio uamuzi uliokuwa na thamani kubwa kuliko ununuzi wowote, kwa sababu kipimo cha wiki moja ya kawaida kingeonyesha seva ya hifadhidata ikiwa imelala, wakati siku mbili za kufunga hesabu ndizo zilizoamua ukubwa wa hifadhi ya pamoja.

Vipimo na mgawo

Katika kila seva vilichukuliwa vipimo vinne: matumizi ya prosesa, kumbukumbu ya RAM inayotumika kweli, maombi ya kusoma na kuandika kwenye diski kwa sekunde, na mtandao. Mtandao haukuwa na tatizo na hauhitaji maelezo. RAM nayo ilikuwa hesabu rahisi: mashine zote za zamani zilikuwa na jumla ya GB 216, matumizi halisi ya kilele yalikuwa karibu GB 96, na kila seva mwenyeji mpya, yaani mashine halisi inayobeba zile pepe, ilikuwa na GB 128. Kanuni ya mradi ilikuwa kwamba seva mwenyeji mbili ziweze kubeba mzigo wote endapo ya tatu itaharibika, kwa hiyo kiasi cha kulinganishwa kilikuwa GB 256 badala ya GB 384, na bado nafasi ilitosha.

Diski ndizo zilizokuwa na mshangao. Seva ikiwa peke yake ina diski zake peke yake, na hakuna anayehesabu. Zikiwekwa pamoja kwenye hifadhi moja, kila mmoja anaonja uzembe wa mwenzake. Siku ya kufunga hesabu, jumla ya maombi ilifika takribani 900 ya kusoma na 600 ya kuandika kwa sekunde. Pendekezo la awali la muuzaji lilikuwa diski za mzunguko 15,000 kwa dakika katika mpangilio wa RAID 5, yaani diski kadhaa zilizounganishwa ili moja ikiharibika data isipotee, kwa hoja kwamba mpangilio huo unatoa nafasi kubwa. Katika RAID 5 kila ombi dogo la kuandika huzaa kazi nne kwenye diski, kwani data ya zamani na taarifa yake ya kurejeshea husomwa kwanza, kisha zote mbili huandikwa upya. Kwa hiyo 600 zinakuwa 2,400, na ukijumlisha na zile 900 unapata 3,300. Diski moja ya aina hiyo hufanya takribani kazi 175 kwa sekunde, hivyo zingehitajika diski kumi na tisa, wakati pendekezo lilikuwa na nane. Kwa RAID 10, ambayo kila kuandika huzaa kazi mbili tu, hesabu ingeshuka hadi 2,100, yaani diski kumi na mbili. Mwishowe kundi dogo la diski za SSD, zisizo na sehemu inayozunguka, lilinunuliwa kwa ajili ya hifadhidata na mifumo ya uendeshaji, na diski za kawaida zikabaki kwa mafaili ya watumishi, ambayo huchukua nafasi kubwa na kuguswa mara chache. Hesabu hiyo ilifanywa kwenye karatasi moja, na muuzaji hakuipinga.

Kwa upande wa prosesa ugomvi ulikuwa wa kibinadamu zaidi. Seva ya hifadhidata ya zamani ilikuwa na viini 16, yaani vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, na kampuni iliyouza programu ya uhasibu ilisisitiza kwamba mashine pepe nayo ipewe 16 ili msaada wao uendelee. Vipimo vilionyesha kuwa hata siku ya kilele haikutumia viini vitatu kamili. Anayetoka kwenye mashine halisi hudhani kwamba viini vya ziada havina madhara, kama vile mtu anavyodhani kuwa chumba kikubwa hakiwezi kumdhuru mpangaji mmoja. Katika mazingira ya seva pepe madhara yapo. Mashine pepe yenye viini vingi inahitaji haipavaiza iitafutie nafasi kwenye viini vingi halisi kwa nyakati zinazokaribiana, na majirani zake husubiri. Zaidi ya hayo, seva mwenyeji zilikuwa na prosesa mbili zenye viini 12 kila moja, hivyo mashine pepe ya viini 16 isingetoshea ndani ya prosesa moja, na sehemu ya kazi zake ingekuwa inafuata RAM iliyo upande wa prosesa nyingine, safari ambayo ni ndefu zaidi.

Walikubaliana kuanza na viini vinne na kuangalia kipimo cha muda ambao mashine pepe iko tayari kufanya kazi lakini inasubiri prosesa. Katika vielelezo vya VMware vya muda halisi, ambavyo hukusanya taarifa za sekunde 20 kwa wakati, milisekunde 1,000 za kusubiri kwa kiini kimoja ni sawa na asilimia 5, na wasimamizi wengi huchukulia kiwango hicho kuwa ishara ya kuanza kuchunguza. Kampuni ya programu ilipewa ahadi ya maandishi kwamba viini vitaongezwa kipimo kikivuka hapo. Havikuongezwa.

Kipi kinakiliwe

Kunakili mashine halisi kuwa mashine pepe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili seva ikiwa inafanya kazi, ambapo programu maalumu husoma diski yake na kuandika nakala upande wa pili huku watumiaji wakiendelea. Ya pili ni kuizima, kuiwasha kwa mfumo mdogo kutoka CD au USB, na kunakili diski ikiwa imetulia. Njia ya kwanza inapendeza kwa kuwa haihitaji kusimamisha huduma, lakini nakala yake ni ya data iliyokuwa ikibadilika wakati inasomwa, na kwa programu inayoandika mfululizo hilo halikubaliki. Zana za njia zote mbili ni nzuri kiasi kwamba mtu anaweza kunakili seva kwa kubofya mara chache. Hatari inatokana na urahisi huo.

Timu ilijiuliza swali moja kwa kila mashine: je, kuna njia ya kupata huduma hii kwenye mfumo mpya safi, kisha kuhamisha data pekee? Jibu likiwa ndiyo, mashine haikunakiliwa. Kwa kigezo hicho sita zilijengwa upya: seva mbili za domeni (zinazotunza akaunti za watumiaji na kuthibitisha wanaoingia), seva ya mafaili, ya hifadhidata, ya uchapishaji na ya masasisho. Tatu zilinakiliwa. Moja ilistaafishwa kama ilivyoelezwa, na moja ilibaki halisi.

Seva za domeni zinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo agizo la kuhamisha kila kitu kama kilivyo lingeleta maafa. Active Directory, mfumo wa Microsoft unaoendesha domeni, huweka taarifa zilezile kwenye seva zaidi ya moja, na kila seva hukumbuka imepokea mabadiliko hadi namba gani kutoka kwa mwenzake. Ikinakiliwa ikiwa inafanya kazi, kisha ile ya zamani ikaendelea kupokea mabadiliko hata kwa saa moja kabla ya kuzimwa, nakala itakapowashwa itakuwa na namba za nyuma huku mwenzake akiamini kwamba ameshazipokea. Mabadiliko mapya yatakayopewa namba hizohizo hayatachukuliwa, na seva mbili zitaanza kutofautiana bila kosa lolote kuonekana kwa watumiaji, mpaka siku nenosiri lililobadilishwa jana linakubalika kwenye seva moja na kukataliwa kwenye nyingine. Kuanzia Windows Server 2012 mfumo umewekewa kitambulisho kinachousaidia kugundua kwamba mashine pepe imerudishwa nyuma, lakini kinga hiyo haikukusudiwa kwa nakala inayotoka kwenye mashine halisi. Wakati huohuo njia salama ni nyepesi mno: inajengwa mashine pepe mpya, inaingizwa kwenye domeni, inapandishwa kuwa seva ya domeni, inaachwa ipokee taarifa zote, majukumu matano maalumu ya domeni yanahamishiwa kwake, kisha ya zamani inashushwa kwa utaratibu wake. Watumiaji hawakujua kwamba chochote kimetokea.

Seva ya mafaili ilikuwa na TB 1.8. Kwa mtandao wa gigabiti moja, ambao kwa vitendo hupitisha takribani MB 110 kwa sekunde, data hiyo ingechukua saa nne na nusu kama ingekuwa faili moja kubwa. Ilipokuwa mamilioni ya mafaili madogo, muda ulikuwa mrefu zaidi, kwa sababu kila faili lina gharama yake ya kufunguliwa, kukaguliwa ruhusa na kufungwa. Robocopy, programu ya Windows ya kunakili mafaili, iliendeshwa mara ya kwanza wiki moja kabla, ikarudiwa kila usiku kuchukua mabadiliko tu, na usiku wa mwisho ilibidi kuhamisha kiasi kidogo. Hifadhidata ilikwenda kwa njia inayofanana: nakala rudufu kamili ilirejeshwa kwenye seva mpya mapema, ikafuatiwa na logi za miamala, yaani rekodi za mabadiliko yaliyofuata, na usiku wa kuhama ikabaki logi moja ya mwisho.

Leseni ndizo zilizokaribia kuvuruga mpango huu. Leseni ya Windows iliyouzwa pamoja na mashine haihami na nakala ya diski, hivyo agizo la kuhamisha kila kitu kama kilivyo lingekuwa pia ukiukaji wa mkataba. Na tangu Windows Server 2016 leseni huhesabiwa kwa viini vya seva mwenyeji, kwa kima cha chini cha viini 16 kwa seva, ambapo toleo la Standard huruhusu mashine pepe mbili kila viini vyote vinapolipiwa. Kwa kuwa mashine pepe zilitakiwa kuweza kuhamia kwenye seva mwenyeji yoyote, kila seva mwenyeji ililazimika kuwa na leseni za idadi ya juu kabisa ya mashine zinazoweza kuifikia. Swali hili liliulizwa kabla ya ununuzi wa seva mwenyeji, na ndilo lililofanya ziwe na viini 24 kila moja, ingawa pendekezo la kwanza lilikuwa zaidi ya hapo.

Tatu zilizonakiliwa

Seva ya programu ya uhasibu ilinakiliwa kwa sababu hakuna aliyekuwa na diski za usakinishaji za toleo lile. Ilizimwa Jumamosi jioni, diski yake ya GB 136 ikanakiliwa kwa muda usiofika saa moja, na haikuwaka. Ilitoa kosa la 0x0000007B, ambalo maana yake ni kwamba Windows imeanza kuwaka kisha ikashindwa kuifikia diski iliyotoka, kwa kuwa draiva (programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi) ya kidhibiti cha diski cha mashine pepe haikuwa imewekwa miongoni mwa zile zinazopakiwa mwanzoni. Hilo lilikuwa jaribio, lililofanyika wiki mbili kabla ya usiku wa kuhama, kwenye mtandao uliotengwa, kwa hiyo usiku wenyewe ulipofika dawa yake ilikuwa tayari: mashine ya zamani iliwashwa, draiva ikawekwa, ikazimwa, ikanakiliwa tena.

Lililofuata ni dogo na husumbua wengi. Kadi ya mtandao ya zamani haipo tena kwenye mashine pepe, lakini Windows inaikumbuka, na anwani ya IP bado imesajiliwa kwa jina lake. Msimamizi anapoweka anwani ileile kwenye kadi mpya, mfumo unamwonya kuwa tayari inatumiwa na kadi asiyoiona. Vifaa visivyokuwapo vilionyeshwa kwenye orodha ya vifaa na kuondolewa, na pamoja navyo zikaondolewa programu za kusimamia RAID, feni na joto za mtengenezaji wa seva ya zamani, ambazo zikiachwa huendelea kutafuta vifaa visivyokuwapo na kujaza kumbukumbu za matukio.

Seva ya wavuti ya Linux ilikuwa na tatizo la jina. Kidhibiti chake cha zamani kiliziita diski /dev/cciss/c0d0 na faili la /etc/fstab, linaloorodhesha diski za kufunguliwa mfumo unapowaka, lilitaja majina hayo moja kwa moja. Kwenye mashine pepe diski ileile ikawa /dev/sda. Kabla ya kunakili, majina yote yalibadilishwa kuwa vitambulisho vya UUID, ambavyo husafiri na mfumo wa mafaili wenyewe, na initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa kwanza wakati wa kuwaka, ikajengwa upya ikiwa na moduli za kidhibiti kipya. Mpangilio wa kadi ya mtandao nao uliandikwa upya, kwani faili la udev, linalovipa vifaa majina, lilikuwa limeifunga eth0 kwenye namba ya MAC ya kadi ambayo isingekuwapo.

Ya tatu ilikuwa mzigo. Mfumo wa kumbukumbu za zamani za watumishi uliendeshwa kwenye Windows Server 2003, ambayo Microsoft iliacha kuisaidia tarehe 14 Julai 2015, na programu yenyewe haikuwaka bila ufunguo wa USB wa leseni kuchomekwa. Ufunguo ungeweza kuchomekwa kwenye seva mwenyeji na kuunganishwa na mashine pepe, lakini hapo mashine hiyo ingekuwa imefungwa kwa seva mwenyeji moja, na ikiharibika, nyingine ingeiwasha bila ufunguo. Kilinunuliwa kifaa kidogo kinachopeleka USB kupitia mtandao. Jambo jingine lilikuwa mwanzo wa patisheni, yaani sehemu ya diski iliyotengewa mfumo: Windows Server 2003 huanzisha patisheni kwenye sekta ya 63, yaani baiti 32,256 tangu mwanzo wa diski, mahali pasipolingana na mipaka ya bloku za hifadhi ya pamoja, kwa hiyo ombi moja linaweza kugusa bloku mbili. Windows Server 2008 na zilizofuata huanzia MB 1 na hazina kasoro hiyo. Patisheni ilisogezwa wakati wa kunakili, ingawa kwa mfumo unaofunguliwa na watu wachache kwa wiki sidhani kama kuna aliyeona tofauti. Muhimu zaidi ni kwamba mashine hiyo iliwekwa kwenye mtandao wake pekee, faiawoli ikairuhusu kuzungumza na kompyuta mbili tu, na intaneti ikafungwa kabisa.

Usiku wa kuhama na njia ya kurudi

Mpango wa kurudi uliandikwa kabla ya mpango wa kwenda. Kila seva ya zamani iliachwa nzima, ikazimwa na kebo zake za mtandao kuchomolewa kwa mkono, ili hata mtu akiiwasha kwa bahati mbaya isigombanie anwani na nakala yake. Muda wa kuhifadhi rekodi za DNS ulikuwa umepunguzwa siku kadhaa kabla hadi dakika tano, ili anwani ikibadilika kompyuta zijue haraka.

Lakini kuwa na mashine ya zamani pembeni hakumaanishi kwamba kurudi kunawezekana wakati wowote. Mtumiaji wa kwanza anapoingiza ankara kwenye mfumo mpya, mfumo wa zamani unakuwa umepitwa, na kuurudia ni kupoteza ankara hiyo. Kwa sababu hiyo mpango ulitaja saa ya uamuzi: hadi saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu msimamizi wa zamu angeweza kurudi bila kuomba ruhusa, baada ya hapo uamuzi ungekuwa wa mkuu wa uhasibu, kwa kuwa ndiye angejua gharama ya kuingiza upya yaliyokwisha kuingizwa. Majaribio ya Jumapili hayakufanywa na watu wa TEHAMA. Walioitwa ni wahasibu wawili, wakapewa orodha ya kazi zao za kila siku pamoja na kuchapa, na ni wao waliogundua kwamba ripoti moja ilikuwa inaitafuta printa kwa jina la seva ya zamani. Kwenye orodha ya TEHAMA kipengele hicho hakikuwapo.

Baada ya kuhama

Wiki za kwanza zilikuwa na matatizo ya aina nyingine. La kwanza lilihusu saa. Mashine pepe zilikuwa zinapokea saa kutoka seva mwenyeji na pia kutoka domeni, na vyanzo hivyo viwili havikukubaliana. Kerberos, utaratibu wa domeni wa kuthibitisha wanaoingia, kwa kawaida hukataa kuingia kwa mtu ambaye saa ya kompyuta yake imetofautiana na ya seva kwa zaidi ya dakika tano. Ulandanishaji wa mara kwa mara kutoka seva mwenyeji ulizimwa, na chanzo kikawa kimoja.

La pili ni picha za hali ya mashine, zile zinazohifadhiwa kabla ya mabadiliko ili msimamizi aweze kurudi. Ni rahisi kuzichukua na ni rahisi zaidi kuzisahau. Baada ya picha kuchukuliwa, kila kinachoandikwa huenda kwenye faili la pembeni ambalo huendelea kukua, na VMware inashauri picha moja isitumike kwa zaidi ya saa 72. Picha moja ya seva ya mafaili ilisahaulika na kuanza kula nafasi ya hifadhi ya pamoja. Onyo la asilimia 80 liliwahi kabla hifadhi haijajaa na kusimamisha kila mashine iliyokuwa juu yake. Tangu hapo picha huondolewa kesho yake, na mwenye sababu ya kuichelewesha huiandika.

La tatu lilijitokeza katika jaribio la kuzima umeme wote. Seva za domeni, ambazo ndizo zilizotoa DNS, zilikuwa ndani ya kundi la seva pepe, na mfumo wa kusimamia kundi hilo ulihitaji DNS ili uwake. Zote mbili za domeni zilikuwa zimejikuta kwenye seva mwenyeji moja. Iliwekwa kanuni ya kuzitenganisha daima, mpangilio wa kuwasha ukaanza na domeni, na anwani za IP za seva mwenyeji zikaandikwa kwenye karatasi ndani ya kabati la chumba hicho.

Seva ya kumi na moja, ile iliyobaki halisi, ni ya nakala rudufu pamoja na mashine yake ya tepu. Uongozi uliuliza kwa nini nayo isiingizwe, kwa kuwa nafasi ilikuwapo. Jibu la kitengo lilikuwa kwamba kila mashine pepe sasa inategemea hifadhi moja ya pamoja, na siku hifadhi hiyo itakapoharibika, kinachotakiwa kuirejesha hakiwezi kuwa ndani yake. Mashine hiyo ilihamishwa hadi chumba kingine chenye umeme wake, na kila robo mwaka mashine pepe moja inayochaguliwa kwa kura hurejeshwa kutoka kwenye tepu hadi iwake, ikiwa imetengwa na mtandao wa kawaida, na mmoja wa wale wahasibu wawili huingia na kufungua ripoti.